Kunguni wa Soya Kusini mwa Mpaka: Kuhesabu Kabla ya Kunyunyiza

Zao la soya limekwisha kujipatia mahali pa heshima katika nchi zinazopakana na Tanzania upande wa kusini. Nchini Zambia zao hilo hulimwa na wakulima wakubwa wenye matrekta katika Jimbo la Kati, na pia na wakulima wadogo wa Jimbo la Mashariki ambao nguvu zao ni jembe la mkono na plau ya ng'ombe. Nchini Malawi soya imepata wakulima zaidi kadiri tumbaku ilivyozidi kupungukiwa na soko, na unga wake, ukichanganywa na wa mahindi, hupikwa likuni phala, uji ambao umewalea watoto wengi wa nchi hiyo. Nchini Msumbiji soya ilipandwa katika shamba la serikali la Lioma, wilaya ya Gurué, katika miaka ya 1980. Baada ya vita kumalizika mwaka 1992, na hasa katika miaka ya 2000, wakulima wadogo wa wilaya hiyo waliifanya kuwa zao lao la biashara.

Lakini zao linapoenea, adui zake nao huenea. Mwaka 1996 ugonjwa wa kutu ya soya uligunduliwa nchini Uganda, na kufikia mwaka 1998 ulikwisha kuonekana Zambia na Zimbabwe. Ugonjwa huo ulisafiri kwa upepo na haukusimama katika kituo chochote cha forodha. Adui mwingine wa zao hili ni kunguni wa kijani, ambaye wataalamu humwita Nezara viridula. Yeye hakuhitaji kusafiri ili afike katika mashamba ya kusini. Wataalamu wengi wanaamini kwamba asili yake ni Afrika hii ya Mashariki, na kwamba ni kutoka huku alikosambaa hadi katika mabara yote yenye joto. Kwa hiyo soya ndiyo iliyokuja kama mgeni, na kunguni ndiye mwenyeji aliyeikuta mezani.

Kunguni huyu si yule wa kitandani, ingawa wote wawili ni wa kundi moja la wadudu wafyonzao. Mwili wake una umbo la ngao, urefu wake hauzidi sana sentimita moja na nusu, na rangi yake ni ya kijani kama jani anamoishi. Akiguswa hutoa majimaji yenye harufu mbaya, na kwa sababu hiyo wengi humwita kunguni anukaye. Jike hutaga mayai kwa mafungu upande wa chini wa majani. Fungu moja laweza kuwa na mayai sitini, themanini, au zaidi ya mia moja, yaliyopangwa kwa mistari mfano wa mapipa madogo bandarini. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na tunutu hutoka, yaani kunguni wachanga wasio na mabawa, wenye madoadoa ya rangi mbalimbali ambayo humfanya mkulima asiyewajua adhani ni wadudu wa aina nyingine kabisa. Tunutu hao hujivua ngozi mara tano kabla ya kuwa kunguni kamili. Kutoka yai hadi mdudu mzima, mwezi mmoja hivi hutosha kukiwa na joto la kufaa.

Ubaya wa mdudu huyu ni kwamba madhara yake hayaonekani upesi. Viwavi wakila majani, shamba zima hupiga kelele, kwani kila apitaye huona matundu. Kunguni hali majani. Yeye ana mdomo mrefu mwembamba kama sindano, ambao huupenyeza katika ganda changa mpaka ndani ya punje, akatema mate yake na kuifyonza. Kwa nje ganda hubaki na alama ndogo sana ambayo macho huweza kuipita. Ganda likichomwa lingali changa sana, huanguka au hubaki bila punje. Likichomwa punje zikiwa zinajaa, punje hizo husinyaa, hupata mabaka na hupungukiwa na uzito. Isitoshe, mdomo huo huo huingiza vimelea vya ukungu ambavyo huiozesha punje kutoka ndani. Mara nyingine mimea iliyoshambuliwa sana hukataa hata kukauka kwa wakati wake. Majani na mashina hubaki mabichi wakati ambapo maganda machache yaliyosalia yamekwisha kukomaa, na kazi ya kuvuna huwa ngumu.

Kwa sababu hiyo mkulima huweza kulitazama shamba lake kwa furaha msimu mzima, majani yakiwa yamefunga mistari, na asitambue hasara mpaka siku ya kupura. Hapo ndipo gunia linapopungua uzito na mnunuzi anapotia mkono, akazitoa punje zilizokunjamana na kushusha bei.

Hofu ya hasara ya namna hiyo ndiyo iliyowafanya wakulima wa nchi nyingi kushika desturi ya kunyunyiza dawa kwa kalenda. Wiki fulani ikifika, bomba hubebwa mgongoni, wadudu wawepo wasiwepo. Kwa mtazamo wa kwanza desturi hiyo hufanana na busara ya mtu anayefunga mlango kabla mwizi hajaja. Kwa kweli ni gharama iliyokosa hesabu. Dawa inayonyunyizwa kabla maganda hayajaanza kujitokeza hailindi kitu, kwa kuwa kunguni anayekuwapo shambani wakati huo hana punje ya kufyonza. Kinyume chake, dawa hiyo huwaua wadudu marafiki ambao wangemzuia baadaye.

Jambo hili lathibitishwa na historia ya Brazili, nchi ambayo ilikabiliana na kunguni hawa kwa kiwango kikubwa mapema zaidi kuliko nchi za Afrika. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 wakulima wa soya wa nchi hiyo walikuwa wakinyunyiza dawa mara sita hivi kwa msimu mmoja. Kati ya mwaka 1974 na 1975 watafiti na maofisa wa ugani wa jimbo la Paraná walianza kuwafundisha kutembelea mashamba, kuhesabu wadudu, na kunyunyiza pale tu ambapo idadi ilivuka kiwango. Mwaka 1975 shirika la utafiti wa kilimo la nchi hiyo, Embrapa, lilianzisha kituo chake cha soya mjini Londrina, na kazi hiyo ikapata makao. Kufikia miaka ya 1980 idadi ya kunyunyiza ilikuwa imeshuka hadi mara mbili hivi kwa msimu, na mavuno hayakuporomoka.

Kifaa kilicholeta mageuzi hayo si mashine ya bei kubwa. Ni kipande cha kitambaa cheupe, kama vile bafta, chenye urefu wa mita moja, kilichoshonewa kijiti kila upande. Mpimaji hukitandaza chini kati ya mistari miwili ya soya, huinamisha mimea ya mstari mmoja juu yake, kisha huitikisa kwa nguvu. Kunguni na tunutu huanguka juu ya kitambaa, na weupe wake huwafichua. Hapo huhesabiwa kunguni wazima wote, pamoja na tunutu waliokwisha kufikia nusu sentimita. Wale walio wadogo zaidi huachwa, kwa kuwa hawajaanza kudhuru punje, na wengi wao hufa kabla ya kukua.

Wakati wa kupima nao una maana yake. Asubuhi na mapema kunguni hupanda juu ya mimea kuota jua na huwa wazito wa kuruka. Jua likishapanda, hushuka kujificha kivulini, na mwenye kuhesabu saa sita mchana atajidanganya kwamba shamba lake ni salama. Upimaji huanza maganda yanapojitokeza na hurudiwa angalau mara moja kila wiki mpaka punje zimejaa na maganda yameanza kugeuka rangi. Hicho ndicho kipindi cha hatari. Kabla yake hakuna cha kufyonzwa, na baada yake punje zimekwisha kuwa ngumu.

Katika shamba dogo hupimwa sehemu zisizopungua sita, zilizotawanyika, wala si zile tu zilizo karibu na njia. Kingo za shamba hupimwa peke yake, kwa maana kunguni huingia kutoka nje, kwenye mbaazi, kunde, marejea na magugu ya jamii ya mikunde, na hukusanyika kwanza pembezoni. Ikionekana kwamba wamejaa kingoni tu, hakuna sababu ya kuloweka shamba zima kwa sumu. Ukingo hunyunyizwa na katikati huachwa.

Kiwango kilichotumiwa Brazili ni wastani wa kunguni wawili kwa kila mita moja ya mstari, ikiwa soya ni ya chakula au ya kukamua mafuta. Ikiwa soya imekusudiwa kuwa mbegu, kiwango hushuka hadi kunguni mmoja. Chini ya hapo, thamani ya punje zitakazopotea ni ndogo kuliko gharama ya dawa na kazi. Juu ya hapo mizani hugeuka, na kuchelewa huwa ni hasara.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba mkulima amepima sehemu sita na kupata kunguni mmoja, hakuna, watatu, wawili, mmoja na wawili. Jumla ni tisa, na tisa kugawanywa kwa sita ni mmoja na nusu kwa mita. Ikiwa anavuna kwa ajili ya kuuza kiwandani, hana haja ya kununua dawa wiki hiyo. Atarudi shambani wiki inayofuata na kitambaa chake. Lakini ikiwa sehemu ya mavuno hayo ndiyo itakayopandwa mwaka ujao, shamba limekwisha kuvuka kiwango.

Hapa pana jambo ambalo nchi za kusini zapaswa kulitafakari sana. Soya hujichavusha yenyewe, na kwa sababu hiyo mkulima mdogo huweza kuweka mbegu yake mwenyewe mwaka hata mwaka. Wengi katika Zambia, Malawi na Msumbiji hufanya hivyo. Kwa hiyo mkulima mdogo, hata kama hajiiti mzalishaji wa mbegu, kwa kweli ndiye mzalishaji huyo. Punje iliyochomwa na kunguni mahali pa kiini haitaota, na mbegu ya soya kwa tabia yake hupoteza uhai ghalani upesi kuliko mahindi. Mkulima kama huyo akitumia kiwango cha wawili, anaweza kuvuna gunia la kuuza bila malalamiko, kisha mwaka unaofuata akapanda na kuona mapengo kila mstari. Atailaumu mvua au ardhi, kumbe kosa lilikwisha kutendeka msimu uliopita. Ni busara basi atenge kipande cha shamba kwa ajili ya mbegu na kukipima kwa kiwango cha mmoja, hata kama sehemu nyingine ya shamba itapimwa kwa wawili.

Tena yafaa ikumbukwe kwamba mkulima hayuko peke yake katika vita hivi. Kuna nyigu mdogo sana, mweusi, aitwaye Trissolcus basalis, ambaye hutaga mayai yake ndani ya mayai ya kunguni. Kiluwiluwi cha nyigu hula yai hilo, na mahali pa tunutu hutoka nyigu mwingine. Australia ilimchukua nyigu huyu kutoka Misri mwaka 1933 ili kupambana na kunguni wa kijani, na mwaka 1962 visiwa vya Hawaii vikamchukua kutoka Australia. Brazili nayo ilimzalisha katika maabara na kumwachilia mashambani. Alama ya kazi yake ni rahisi kuitambua. Mayai ya kunguni yaliyo mazima huwa ya rangi ya malai na hugeuka kuwa ya waridi yanapokaribia kuanguliwa, ilhali yale yaliyoingiwa na nyigu hugeuka kuwa meusi. Mkulima akiona mafungu mengi meusi chini ya majani ajue kwamba ana kibarua asiyedai ujira, na kwamba sumu itamfukuza kibarua huyo.

Kosa linalowaangamiza nyigu hao mara nyingi hufanyika mapema, pale mkulima anaposhtushwa na viwavi wa majani. Soya huvumilia kuliwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwongozo wa Brazili ulieleza kwamba kabla ya maua mmea waweza kupoteza hadi asilimia 30 ya majani yake, na baada ya maua asilimia 15, bila kuhitaji dawa. Mwenye kunyunyiza kwa sababu ya matundu machache huondoa viwavi na pia huondoa walinzi, kisha maganda yanapotoka kunguni huingia katika shamba lisilo na askari.

Sumu zenyewe nazo zina historia ya kutahadharisha. Endosulfani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa silaha kuu dhidi ya kunguni wa soya, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali zinazopaswa kuondolewa duniani. Kabla ya hapo, aina nyingine ya kunguni wa soya, yule wa kahawia wa Brazili, ilikwisha kuonyesha usugu dhidi ya dawa hiyo na nyingine za wakati huo. Hivyo ndivyo ilivyo kawaida ya sumu inayotumiwa ovyo: wadudu dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki na kuzaana, na mkulima hulazimika kuongeza kiasi mwaka hadi mwaka. Anayelipa ni yule anayebeba bomba bila glovu wala kifuniko cha uso, na watoto wanaoteka maji chini ya mteremko.

Hata hivyo Brazili yenyewe haikudumu katika njia yake njema. Kutu ya soya ilipoingia huko mwaka 2001, matrekta yalianza kupita mashambani mara kwa mara kunyunyiza dawa ya ukungu, na wengi wakaona ni rahisi kuchanganya dawa ya wadudu humo humo, bila kuhesabu. Idadi ya kunyunyiza ikapanda tena. Ndipo kuanzia msimu wa 2013 na 2014 maofisa wa ugani wa Paraná walipoanzisha upya mashamba ya mfano yanayopimwa kwa kitambaa, na mashamba hayo yakatumia dawa ya wadudu karibu nusu tu ya ile iliyotumiwa na majirani, mavuno yakiwa sawa. Somo ni kwamba maarifa ya namna hii hayakai yenyewe. Yakiachwa bila kufundishwa kizazi hata kizazi, husahauliwa, na mwenye duka la dawa ndiye hubaki kuwa mwalimu.

Ni dhahiri pia kwamba nchi za kusini hazihitaji kuyatazama mambo haya kama elimu ya ng'ambo. Kuhesabu wadudu kabla ya kunyunyiza kulifanywa katika eneo hili hili zamani. Katika miaka ya 1960 watafiti wa pamba Matthews na Tunstall, wakifanya kazi katika Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, na katika Malawi, walionyesha kwamba mkulima anayekagua pamba yake kila wiki hujua siku ya kunyunyiza kuliko anayefuata kalenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchini Malawi ulitumika ubao mdogo wenye matundu na vijiti. Kila yai la funza lilipoonekana, kijiti kilisogezwa tundu moja mbele, na kilipofika mahali palipowekwa alama, mkulima alijua kwamba saa imefika. Hata asiyejua kusoma wala kuandika aliweza kufanya hesabu hiyo bila kumwomba mtu. Kilichofanyika kwa pamba chaweza kufanyika kwa soya, kwa kitambaa na ubao.

Katika kazi hiyo wajibu wa serikali ni mkubwa. Viwango vya Brazili ni mwongozo mzuri wa kuanzia, lakini bei ya soya, bei ya dawa, nafasi kati ya mistari na aina za kunguni hazilingani kila mahali. Katika Afrika kuna pia kunguni wa kahawia wanaozoea kunde na mbaazi, ambao nao huhamia soya. Vituo vya utafiti vya nchi hizi havina budi kupima katika ardhi yao wenyewe, na kupeana matokeo, kwa sababu kunguni aliyekulia upande mmoja wa mto Ruvuma au Songwe hataulizwa uraia wake akivukia upande wa pili. Mabwana shamba na mabibi shamba nao wapewe muda na usafiri wa kufika mashambani wakati maganda yanatoka, kwani ushauri unaofika baada ya wiki hizo ni wa kumbukumbu tu.

Kwa Tanzania jambo hili si la majirani peke yao. Soya ililetwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1907, na leo hulimwa katika Ruvuma na nyanda za juu za kusini, ng'ambo tu ya mpaka na mashamba yanayozungumzwa. Mwaka 2020 China ilifungua mlango kwa soya ya Tanzania. Soko kama hilo hutazama ubora wa punje, na punje iliyofyonzwa haina pa kujificha.

Ukame wa msimu wa 2023 na 2024, ambao mwaka 2024 ulizilazimu Zambia na Malawi kutangaza hali ya maafa, uliwakumbusha wakulima kwamba yako mambo ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuyazuia. Kunguni si mmoja wa mambo hayo. Anaweza kuonwa, kuhesabiwa na kuzuiwa kwa wakati, na mkulima aliyetoka katika mwaka wa njaa hana fedha za kutupa kwa kununua sumu isiyohitajika, wala hana punje za kumwachia mdudu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mkulima wa soya, daftari hilo ni mita moja ya kitambaa cheupe, na saa moja ya asubuhi kila wiki, tangu ganda la kwanza hadi la mwisho.